Kuchoma ni kwa saa, kunywea ni kwa miezi

Maneno niliyowaambia mama wa likelemba moja, chama cha kuchangiana pesa kwa zamu, katika ukumbi wa Katuba, Lubumbashi. Nimeyaandika upya kutoka kwenye karatasi zangu, pamoja na maswali yaliyoulizwa mwishoni.

Bamama na bapapa, jambo sana. Bapapa nawahesabu wanne tu, na wote mmekaa karibu na mlango. Sogeeni mbele, hakuna atakayeuma.

Mwenyekiti wenu aliniomba nizungumze juu ya fibromu, ule uvimbe wa kizazi, kwa jumla. Nilimkatalia. Fibromu kwa jumla ni somo la wiki nzima na mtasinzia siku ya kwanza. Nitasema jambo moja tu, kwa nini fibromu iliyochomwa hunywea, yaani hupungua, kwa mmoja na kwa mwingine hainywei, na nalisema kwa sababu ya mama mmoja aliyeingia kwangu akiwa amekumbatia bahasha kubwa ya picha kama mtu aliyebeba mtoto.

Mama huyo alikuwa ameuza kiwanja. Akavuka mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa, akaendelea mbali zaidi, akafika kwenye hospitali yenye mashine inayochoma fibromu kwa mawimbi ya sauti, bila kisu, bila mshono. Akarudi nyumbani akiimba. Miezi mitatu baadaye akafanya ekografi, ile picha ya tumbo ya mawimbi ya sauti, hapa mjini, na aliyempima akamwambia, fibromu ipo. Basi. Neno hilo moja. Akaja kwangu, akakaa, akasema: "Dokta, kile kintu kingali mule. Balinichoma bure?"

Mimi kazi yangu ni kusoma picha. Sikati, sichomi. Na jibu la swali lake lilikuwa ndani ya bahasha ileile aliyoibeba, ila hakuna aliyekaa naye akamsomea. Nitarudi kwake. Kwanza tuelewane kinachochomwa ni nini.

Fibromu, wengine huita fibroidi au uvimbe wa kizazi, ni donge linaloota kwenye nyama ya kizazi chenyewe. Karibu zote si saratani. Ni ugonjwa wa watu wengi mno: utafiti uliofanyika Marekani na kutangazwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba mwanamke mweusi akifika miaka 50, uwezekano kwamba amepata fibromu ni zaidi ya asilimia 80, kwa mwanamke mzungu ni karibu asilimia 70. Wengi wao hawajui hata kama wanazo. Kwa hiyo ile habari ya kwamba jirani kakurogea tumbo tuiache nje ya ukumbi huu. Tunayemtibu ni mwanamke anayetoka damu nyingi hadi anaishiwa nguvu, anayekojoa kila nusu saa, anayeumwa, au anayekosa mimba kwa sababu donge limeziba njia.

Sasa ile mashine. Mtoto akichukua kioo cha kukuza na kukielekeza juani, karatasi iliyo chini inaungua mahali padogo penye nukta, lakini mkono unaoshika kioo hauungui. Mashine hufanya vivyo hivyo kwa sauti. Mawimbi ni ya jamii ileile ya ekografi, ila yana nguvu nyingi na yanatoka pande nyingi, yanapita kwenye ngozi yakiwa yametawanyika, kisha yanakutana mahali pamoja ndani ya fibromu. Hapo joto hupanda kupita nyuzi 60 kwa sekunde chache, na nyama inaganda kama yai linavyoganda kwenye maji ya moto. Daktari anasogea, anachoma nukta nyingine, na nyingine. Mama amelala kifudifudi, amepewa dawa ya kutuliza, anaweza kusema "naumia". Kazi inaweza kula saa tatu au zaidi. Mashine ya kwanza ya aina hii inayoongozwa na picha za IRM, zile za mashine ya sumaku, wengine huita MRI, ilipewa ruhusa Marekani mwaka 2004. Wachina nao wana zao, zinazoongozwa na ekografi.

Sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo watu wengi hupotea. Mawimbi yanaua nyama. Hayaitoi. Hakuna kinachotolewa siku ile.

Ninyi ni watu wa Lubumbashi, mnaujua ule mlima mweusi wa Gécamines, kampuni ya shaba, pembeni ya lile bomba refu la moshi. Tanuri liliwashwa mwaka 1911. Shaba ikayeyushwa, ikapakiwa treni, ikaenda. Mabaki ya moto yakabaki hapohapo, mpaka yakawa mlima unaoonekana kutoka kila upande wa mji, na kuupunguza kumehitaji kazi nyingine kabisa, ya miaka. Fibromu iliyochomwa ni hivyohivyo. Siku ya kwanza inabaki na ukubwa wake, pengine inavimba kidogo zaidi. Kisha seli za mwili zinazosafisha uchafu zinaanza kuila nyama iliyokufa kutoka pembeni kuingia ndani, polepole. Sehemu kubwa ya kunywea huonekana katika miezi mitatu hadi sita ya mwanzo, na huendelea taratibu hadi mwaka na hata kupita. Anayepimwa wiki ya pili akalia kwamba haijapungua, amekimbilia kulia.

Lakini kwa nini ya huyu inanywea nusu, na ya yule haipungui hata robo? Mashine ni ileile, daktari ni yuleyule. Hapo ndipo nilipotaka tufike.

Jambo la kwanza, na kwangu ndilo kubwa kuliko mengine yote yakiwekwa pamoja, ni kiasi gani cha fibromu kiliuawa siku ile. Baada ya kuchoma, mama hurudishwa kwenye IRM na kuchomwa sindano ya dawa inayotembea na damu. Kila mahali damu inapofika, picha inang'aa. Mahali palipokufa, damu haifiki, panabaki peusi kama shimo. Tunapima lile shimo, tunaligawa kwa ukubwa wa fibromu nzima, tunapata asilimia. Sehemu isiyopata damu tena: hilo ndilo jina lake. Fibromu ya mililita 200 yenye shimo la mililita 160 imekufa kwa asilimia 80. Hiyo inatupa matumaini. Yenye shimo la 60 imekufa kwa asilimia 30, na ile 140 iliyobaki iko hai, inakula damu kama kawaida, inangoja tu.

Tuna ushahidi wa zamani juu ya hili, na ni wa kusikitisha kidogo. Katika majaribio yale ya kwanza ya mashine ya IRM, ya wanawake 109, wakubwa wa serikali ya Marekani wanaosimamia dawa na mashine za tiba, kwa kuogopa madhara, waliwazuia madaktari kuchoma zaidi ya kama theluthi moja ya fibromu. Wakachoma kidogo, wakapata kidogo: baada ya miezi sita fibromu zilikuwa zimenywea kwa wastani wa asilimia 13.5 tu. Watu wengi wakacheka, wakasema mashine ya bei hiyo kwa matokeo haya? Lakini wasichokitaja waliocheka ni kwamba katika wanawake haohao, asilimia 71 walikuwa wamepata nafuu ya kutosha kwenye dalili zao miezi sita baadaye. Kunywea na kupona ni ndugu, si pacha. Masharti yalipolegezwa na madaktari wakachoma sehemu kubwa zaidi, kunywea nako kukaongezeka.

Basi swali linakuwa, kwa nini daktari asichome yote? Kwa sababu fibromu nyingine hazikubali.

Angalieni rangi. Kuna aina ya picha ya IRM ambamo maji yanaonekana meupe. Fibromu iliyojaa nyuzi ngumu na maji kidogo inaonekana nyeusi, kama nyama ya msuli. Yenye seli nyingi, maji na mishipa inaonekana nyeupe, sawa na nyama ya kizazi au kuizidi. Katikati kuna za kijivu. Wajapani, Funaki na wenzake, walizigawa hivyo katika makundi matatu mwaka 2007, na hadi leo sisi wasoma picha tunasema "Funaki moja, mbili, tatu". Nyeusi hushika joto vizuri, huungua, hunywea. Nyeupe ni kama kuchoma sifongo iliyolowa: unapasha, joto linakimbia, unapasha tena, muda unaisha. Ndiyo maana hospitali nyingi makini humkataa mama mwenye fibromu nyeupe, au humwambia wazi kwamba nafasi yake ni ndogo. Hospitali inayompokea kila mtu mwenye pesa bila kuangalia rangi, mimi siiamini, hata kama ukumbi wake una marumaru.

Damu nayo inahusika, na kwa kweli ni habari ileile ukiitazama upande wa pili. Mishipa mingi inapita ndani ya fibromu kama maji ya baridi ndani ya injini ya gari. Yanabeba joto kwenda nalo. Wakunga mlio humu mnajua oksitosini, ile tunayotundika baada ya kujifungua ili kizazi kikaze na damu ikatike. Baadhi ya madaktari, hasa wanaotumia mashine za Kichina, huitundika wakati wa kuchoma, kwa hesabu ileile: kizazi kikikaza, damu inapungua, joto linakaa. Wengine hutanguliza sindano za kuzima homoni kwa miezi michache, fibromu ipungue na mishipa yake ikauke kwanza.

Halafu kuna fibromu ambayo tayari imekufa yenyewe. Hutokea, donge linakua hadi mishipa yake inashindwa. Ukiichoma hiyo unachoma maiti. Huwezi kusubiri inywee kwa sababu yako. Hii ndiyo sababu ile sindano ya dawa ya picha ni ya lazima kabla, si baada tu. Na kabla ndipo tunapotafuta pia kama kitu hicho ni fibromu kweli. Mara nyingine ni nyama ya kizazi iliyonenepa kwa ugonjwa mwingine. Na mara chache sana ni sarkoma, saratani, ambayo kuichoma na kuiacha ndani ni kumdanganya mgonjwa.

Njia ya mawimbi tuipitie haraka. Mafuta mengi ya tumbo yanatawanya nguvu kabla haijafika. Kovu la sezariani linakula joto, ngozi inaweza kuungua. Utumbo ukijilaza mbele ya kizazi, hakuna kuchoma mpaka usogezwe, mara nyingi kwa kujaza kibofu. Fibromu iliyo nyuma kabisa, karibu na mfupa wa kiuno, inakaa jirani na neva za mguu, kwa hiyo daktari anaacha ukingo bila kuuchoma, na ukingo huo ndio utakaokuja kukua. Kubwa mno, muda hautoshi. Nyingi mno, kumi, kumi na tano, utachoma ipi uache ipi? Zile zinazochungulia ndani ya kizazi zina tabia yake: baada ya kuchomwa zinaweza kujikata na kutoka vipande vipande kwa chini, kwa hiyo zinapungua haraka, lakini mama asiyeambiwa mapema anakimbia hospitali usiku akidhani anakufa.

Umri. Fibromu inaishi kwa homoni za kike, estrojeni na projesteroni. Mama wa miaka 47 akichomwa, muda uko upande wake. Hedhi itakoma na chakula cha fibromu kitakoma nayo. Binti wa miaka 30 ana miaka ishirini ya homoni mbele yake. Kipande kidogo kilichobaki hai kwake ni mbegu. Na hata kama ile moja imekufa yote, kizazi chake bado kinaweza kuotesha nyingine, ambayo haina kosa la mashine yoyote. Utafiti mmoja wa Marekani uliotangazwa mwaka 2019 ulilinganisha wanawake waliochomwa kwa mawimbi na wale waliozibwa mishipa ya damu inayolisha fibromu. Miaka michache baadaye, waliohitaji tiba nyingine walikuwa asilimia 30 upande wa mawimbi na 12.5 upande wa kuziba mishipa. Sisemi haya kuwatisha. Nasema kwa sababu kijikaratasi cha matangazo hakitawaambia.

Sasa nirudi kwa mama wa bahasha, na hapa mnivumilie, kuna hesabu.

Fibromu yake kabla ya kuchomwa ilikuwa na upana wa sentimita 9. Ekografi ya miezi mitatu ilisema 7.9. Alikuwa ameshika karatasi hizo mbili, moja kila mkono, na machoni pake tofauti ilikuwa sentimita moja tu na nukta. Kiwanja kizima kwa sentimita moja!

Lakini fibromu si kamba ya kupimwa urefu. Ni donge. Chukua donge la bukari, yaani ugali, mkononi. Ukilila nusu, halafu ukalifinyanga tena liwe duara, upana wake haupungui nusu. Utashangaa jinsi linavyofanana na la mwanzo. Donge la upana wa sentimita 10 likipoteza nusu ya ujazo wake, upana unashuka hadi karibu 8 tu. Ya mama yule, ya sentimita 9, ilikuwa na ujazo wa kama mililita 380, zaidi ya kopo la soda. Ya 7.9 ina kama 260. Theluthi nzima imeondoka, katika miezi mitatu. Aliyempima alisema kweli, fibromu ipo. Ila alisoma upana akasahau ujazo.

Nikamwuliza, hedhi yako? Akafikiri. Siku nne. Na zamani? Siku tisa, na vitambaa. Akanyamaza. Nafikiri hakuwa amewahi kuziweka hizo namba mbili pamoja. Alikuwa anatazama tumbo tu.

Lakini sikumwacha aende akiimba tena, kwa sababu nilitoa ile picha ya siku aliyochomwa. Shimo jeusi lilikuwa karibu asilimia 70. Nyuma, upande wa mgongo, palikuwa na ukingo mnene uliong'aa, uko hai. Na mama ana miaka 34. Nilimwonyesha kwa kidole. Nikamwambia tutapiga picha tena miezi sita na miezi kumi na miwili baada ya kuchomwa, kwa mashine moja, na mtu apime pande tatu, si upana peke yake. Ukingo ule ukianza kukua tutauona mapema.

Kwa hiyo yeyote kati yenu anayefikiria safari hiyo, kabla hajagusa kiwanja wala likelemba, afanye IRM yenye dawa. Amwulize daktari wa kule: fibromu yangu ni nyeusi au nyeupe? Inakunywa damu kiasi gani? Unategemea kuua asilimia ngapi? Na akimaliza asiondoke bila picha ya baada na ile asilimia imeandikwa. Asiyetaka kujibu maswali hayo kwa barua, hatayajibu ukiwa umelala kwenye meza yake. Na kama damu imepungua mwilini, anza na dawa za chuma hapa nyumbani leo. Hizo hazihitaji pasipoti.

Maswali yalikuwa mengi. Nimeandika machache.

Papa mmoja, yule aliyekataa kusogea mbele, aliuliza kwa nini kuhangaika hivyo, si watoe kizazi tu yaishe? Mama walimzomea kabla sijafungua mdomo. Nikawanyamazisha, maana swali ni halali. Kutoa kizazi ndiyo tiba pekee ambayo baada yake fibromu hairudi. Mama aliyemaliza kuzaa, anayevuja damu, mwenye fibromu kumi na tano nyeupe, anaweza kuichagua na akafanya vizuri. Ila anachagua yeye.

Mama mmoja akauliza kama aliyechomwa anaweza kubeba mimba. Anaweza. Mwaka 2010 walikusanya habari za wanawake 51 waliopata mimba 54 baada ya tiba hii, asilimia 41 ya mimba hizo zikaleta watoto hai, asilimia 28 zikaharibika, nyingine zilitolewa au zilikuwa bado zinaendelea. Lakini ni watu wachache, na kwa anayetafuta mtoto madaktari wengi bado wanafikiria kwanza upasuaji wa kutoa fibromu na kukiacha kizazi. Nilimwambia asiamue kwa kunisikiliza mimi ukumbini.

Juu ya mizizi inayouzwa sokoni ya kuyeyusha fibromu: nimepiga picha kabla na baada kwa wengi waliokunywa. Fibromu zilikuwa palepale. Mmoja alikuwa na nafuu kubwa, na alikuwa amekoma hedhi mwaka uleule.

Wa mwisho alikuwa binti, nyuma kabisa, aliyesema kwa sauti ndogo kwamba yake ni nyeupe, ameambiwa hivyo, je, basi kwake imekwisha? Nikamwambia nyeupe inafunga mlango mmoja tu. Kuna kisu, kuna kuziba mishipa, kuna vidonge, na mara nyingine kuna kuitazama tu kama haimsumbui. Akauliza, na kama mtu alisoma rangi vibaya? Nikacheka, kwa sababu hutokea. Hata sisi wasoma picha hubishana kati ya kijivu na nyeupe. Nikamwambia alete picha zenyewe, si karatasi ya maelezo, Jumanne asubuhi kabla umeme haujakatwa. Ukumbi ulikuwa unangojewa na kwaya, tayari walikuwa wanaingiza ngoma.